Matairi ya theluji kwenye tope la Kigoma

Mkuu, umeuliza kama hayo matairi yaliyokuja na gari toka Japani, yenye maandishi STUDLESS na kialama cha mlima na theluji, yatafaa masika kwenda Buhigwe. Yatoe.

Hayo ni ya baridi kali. Mpira wake ni laini makusudi, usikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na ile mikato myembamba kama ya wembe ndiyo inayong'ang'ania theluji. Sasa lete hapa Mwanga, Kigoma mjini, saa nane mchana! Mpira unalegea, unalika upesi, na kwenye lami iliyolowa gari linachelewa kusimama. Kwenye udongo mwekundu ndiyo kabisa: mikato inajaa tope, tairi linakuwa kipara kama chapati. Gari langu lilinigeuka nusu duara nikaishia mtaroni, vijana wakanitoa kwa elfu ishirini (walianzia hamsini).

Alama ya M+S (mud and snow, yaani tope na theluji) peke yake isikudanganye, mtengenezaji anajiandikia tu. Yenye alama ya mlima imepimwa kweli, ila kwenye theluji.

Chukua yenye meno makubwa yaliyoachana, tope lipate pa kutokea. Ya mtumba, soma tarakimu 4 za mwisho kwenye DOT, ile namba ya ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.