Re: Mmea wa maua ya pinki nimekata, umerudi tena
Mkuu, umeuliza kwa nini ule mmea unaotambaa wa maua ya pinki (Antigonon leptopus) unarudi kila ukiukata. Utarudi tu, maana chini una viazi. Ukikata juu, vinachipua upya. Asili yake Mexico, ukasambazwa kama pambo la bustani. Kisiwa cha Sint Eustatius, huko Karibi, umetanda mpaka kufunika vichaka na miti, na kisiwa cha Guam, huko Pasifiki, nako ni balaa. Mbegu zake huelea majini, kwa hiyo mvua ikinyesha mtaro unampelekea jirani yako. Nyuki wanaupenda, hilo sibishi. Chimba viazi vyote, hata vile vidogo, na usivitupe jaani vikiwa vibichi. Vianike kwanza vikauke kabisa, kisha choma.