Maswali ya Wasomaji: Banda la gari lililogeuka stoo

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba yetu ya Tegeta, Dar es Salaam, ina banda la gari ambalo kwa miaka mitatu sasa halijalaza gari. Ndani yake kuna mifuko minane ya saruji iliyobaki tulipojenga ukuta, magunia manne ya mahindi ya msimu huu kutoka Songea, jenereta na dumu lake la petroli, friza, na matairi ya zamani. Gari linalala nje, na mwezi uliopita liling'olewa vioo vyote viwili vya pembeni. Mume wangu anasema kujenga stoo nyuma ya nyumba ni kupoteza fedha wakati banda lipo na halitugharimu chochote. Je, ni kweli?
Mama wa watoto watatu, Tegeta.

JIBU: Mama, mume wako yuko sahihi kwa jambo moja tu, kwamba hakuna anayebisha hodi mwisho wa mwezi kudai kodi ya banda. Kodi hiyo inalipwa na vitu vilivyomo ndani, pamoja na gari lililohamishwa, na kwa kuwa inalipwa kidogo kidogo ni rahisi kutoiona.

Tuanze na saruji. Saruji hushika kwa kuungana na maji, na unyevu wa hewa ya pwani unatosha kuianzishia kazi hiyo ikiwa bado ndani ya mfuko wa karatasi, ndiyo maana hushauriwa itumike ndani ya miezi mitatu hivi. Kama kila mfuko mliununua kwa shilingi 15,000, hizo ni shilingi 120,000 zilizogeuka mawe. Hata mfuko ambao bado unafikichika usimpe fundi autumie kwenye nguzo au lenta.

Mahindi yananitia wasiwasi zaidi. Nafaka ya akiba inatakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 13 hivi, lakini gunia lililolazwa juu ya sakafu ya zege, chini ya bati lenye joto, hunyonya unyevu kutoka chini na kuota kuvu bila mtu kujua mpaka lifunguliwe. Kuvu wa aina fulani hutoa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kuipika haiiondoi. Kisha yupo dumuzi, ambaye wengi humwita Scania, mdudu aliyeingia nchini kutoka bara la Amerika na kuonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Huyu hutoboa hata mbao. Yaanikeni mahindi hayo upya, myachambue, myatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kuyapanga juu ya chaga mbali na ukuta. Punje zilizoota kuvu zitupwe, wala kuku wasipewe. Panya nao watapungua, na hilo si dogo, kwa maana mkojo wao ni miongoni mwa njia za kuenea kwa homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022.

Kuhusu petroli sitapiga hesabu ya fedha. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, na friza yenu huwaka na kuzima yenyewe mara nyingi kwa siku. Cheche moja ya swichi inatosha. Dumu litoke leo, kabla hamjaendelea kujadiliana.

Vioo vya gari mmeshavilipia. Kama mna bima ndogo tu, kumbukeni kwamba hiyo humlipa mtu wa tatu mliyemdhuru, haiwarudishii kilichoibwa kwenye gari lenu. Jua na chumvi ya bahari vinaendelea na rangi na mipira ya milango.

Stoo msiijenge kwanza. Toeni kila kitu, kisha mjiulize kama mngekinunua tena leo kwa bei ya mtumba; nadhani kitakachobaki kitaenea kwenye rafu mbili za ukutani, na gari litapata nafasi yake. Mkishatoa, matairi msiyarundike uani, maana maji ya mvua yakituama humo huzaliana mbu wanaoeneza homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Wapeni wanaokata ndara.