Mleta mada, usimpandishe mama Kiboriani kwa miguu

Mleta mada, kama hela ya Noah hujaituma, usiitume kwanza. Soma hapa.

Umeandika kwamba wiki ya Nane Nane, mkimaliza mizunguko ya viwanja vya maonyesho vya Nzuguni, Dodoma, mtampeleka mama Kiboriani, kule milimani juu ya mji wa Mpwapwa, akapate hewa kwa sababu ana pumu na "wazungu walikuwa wanaponea huko". Mnapanda asubuhi, mnashuka jioni. Halafu ukauliza barabara, malazi, mtandao wa simu, chakula, kiingilio, na sehemu nzuri za kupigia picha. Maswali yote hayo sijui hata kama nitayafikia, maana tangu nilipoona pumu na "dalali ametuhakikishia gari linafika mpaka juu" nimekaa na simu mkononi chai inapoa.

Mimi huyo dalali namjua. Kama si yeye basi ni mdogo wake.

Nilimpandisha baba mkwe. Ndiyo, baba mkwe, mzazi wa mke wangu, mwalimu mstaafu wa historia, mtu ambaye nikiingia kwake navua kofia. Ana pumu ya miaka mingi, na vumbi la Dodoma likianza anakaa ndani madirisha yamefungwa. Kwenye grupu la ukoo wao kuna bwana mmoja anajiita mtaalamu wa tiba za asili. Ndiye aliyerusha ujumbe mrefu wenye mishale mingi: Kiboriani ni hospitali ya Mungu, wamisionari walijenga sanatoria pale, yaani nyumba ya kupumzishia wagonjwa, hewa yake inasafisha mapafu, ukilala siku kadhaa pumu unaiacha mlimani. Mke wangu akaniangalia. Wanaume mliooa mnajua kuangaliwa kule.

Sasa sikiliza ukweli uliofichwa humo, kwa sababu ujumbe huo ni nusu kweli na hiyo nusu ndiyo inayoua. Ni kweli wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kiingereza) waliokuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870 walikuja kuwa na nyumba ya mapumziko ya wagonjwa huko Kiboriani. Lakini walikuwa wanakimbia nini? Homa. Malaria. Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kwa sababu ilikuwa na maji, na ukitoka hapo kuelekea magharibi unakutana na Marenga Mkali, nyika kavu ambayo wapagazi walikuwa wanaiogopa. Watu wengi, maji, mbu. Ukipanda juu kwenye baridi mbu wanapungua, na nyuzi joto zikishuka chini ya 16 vimelea vya malaria havikomai ndani ya mbu. Ndiyo siri yote ya "hewa ya tiba". Mgonjwa wa homa akikaa kwenye ubaridi, haumwi upya na mbu, anakula, anapumzika, anapata nguvu. Pumu haimo kwenye hesabu hiyo. Pumu na hewa baridi kavu ni maadui wa siku zote, muulize daktari yeyote. Na usidhani mzungu mgonjwa enzi hizo alikuwa anapanda mlima kwa miguu. Alikuwa anabebwa kwenye machela na wanaume wa kiafrika ambao hakuna aliyewaandikia ujumbe wa kuwasifu.

Hayo yote nimeyajua baadaye. Na aliyenifundisha ni baba mkwe mwenyewe, akiwa kitandani, kwa sauti ya kukatakata. Tutafika.

Tulitoka Dodoma alfajiri mwezi wa saba. Barabara ya Morogoro mpaka Mbande, unakunja kwenda Kongwa, halafu Mpwapwa. Hapo hakuna la kusimulia, ni kilomita 120 hivi. Mpwapwa tukanywa supu. Stendi akatupokea dalali, kijana mwenye kofia, maneno laini, "shikamoo mzee" kila baada ya sentensi mbili. Nikamuuliza mara tatu kama Noah inafika. Akaapa. Akasema wiki iliyopita alipeleka wageni na mtoto mchanga, gari likapaki mlangoni. Mlango wa nini sikuuliza. Akachukua chake akatuelekeza, yeye mwenyewe hakupanda. Hiyo nayo ingetakiwa kunifumbua macho: mtu anayejua njia ni nzuri kwa nini haingii kwenye gari?

Noah ilianza kulalamika mapema. Mvua za masika zilikuwa zimekata makorongo katikati ya njia na hakuna aliyeyafukia. Dreva akawa anashuka, anaangalia, anapanda, anashuka tena. Mwisho akazima gari akasema, "Bosi, hapa tukiendelea sampo tunaiacha," yaani bakuli la oili chini ya injini. Nikampigia dalali. Akasema, nanukuu, "Aa, hapo mmeshafika, tembeeni kidogo tu, ni hapo kwenye kona."

Hapo, mleta mada. Weka alama hapo. Mimi pale nilitakiwa kusema, baba, tumeona mlima, turudi mjini. Nikasema tutembee.

Na kuna la koti. Chini jua lilikuwa kali, mzee akavua koti. Mimi mkwe mwenye adabu nikalipokea, nikalikunja vizuri, nikaliweka kwenye siti ya nyuma. Mfukoni mwa koti lile kulikuwa na inhela yake, ile pampu ya bluu ya salbutamol. Mimi sikujua. Yeye alisahau, kwa sababu alikuwa anasimulia habari za Wajerumani kuweka kituo cha kijeshi Mpwapwa mwaka 1889 na alikuwa amenoga. Dreva naye tulipopotea machoni akageuza gari akashuka kutafuta kivuli na soda. Simlaumu, nilimwambia tunakaa kidogo.

"Hapo kwenye kona" ilikuwa na kona nyingine, na nyingine. Upepo ukaanza. Usiniambie Tanzania ni nchi ya joto, mwezi wa saba na wa nane kanda ya kati ule upepo wa milimani unapenya shati unaingia mpaka kwenye mbavu. Mzee akawa anapunguza maneno. Nikadhani anafurahia mandhari. Mwalimu wa historia akinyamaza, ndugu zangu, jueni kuna tatizo. Kifua kikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Akakaa juu ya jiwe, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka. Nikamuuliza inhela iko wapi. Akataka kusema "kwenye koti" akaishia kwenye "kwe".

Mgonjwa wa pumu akishindwa kumaliza sentensi hiyo si pumu ya kupumzika kidogo, ni ya kukimbizwa hospitali. Kumbuka hilo hata kama huendi popote. Na usimlaze chali. Mimi nilitaka kumlaza akanisukuma mkono kwa nguvu iliyonishangaza. Akae, ainame mbele kidogo, ndivyo kifua kinavyopata nafasi.

Nikapiga simu kwa dreva, mtandao hamna. (Haya, swali la mtandao nimekujibu.) Nikampigia dalali baada ya kutembea huku na huku nimeinua simu juu mpaka ikashika, akapokea, akasema "kaka niko kwenye kikao". Kikao! Dalali wa stendi! Mpaka leo nikikumbuka natukana peke yangu bafuni.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa anashuka na mzigo wa kuni kichwani. Akatusalimia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mimi sikuwa hata na akili ya kuitikia. Akamwangalia mzee, akatua kuni bila kuuliza, akamwita kijana wake aliyekuwa nyuma, kijana akakata njia ya mkato mbio. Baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka ikaja bodaboda. Mnaona? Bodaboda inafika. Dalali angesema "Noah haifiki, bodaboda inafika" ningemheshimu mpaka kufa.

Tukashuka mshikaki: dreva wa boda, mzee katikati, mimi nyuma nimemkumbatia baba mkwe kiunoni. Katika mila zipi za Kitanzania mkwe anamkumbatia baba mkwe vile? Tulifika kwenye gari, nikachomoa inhela, akavuta, tukaenda moja kwa moja hospitali. Akawekewa oksijeni na ile mashine ya mvuke wa dawa. Alilala wodini. Muuguzi alinionyesha kitu ambacho nakugawia bure: ukiwa huna kile kichupa cha kuvutia dawa, unatoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, unaichomeka inhela hapo, mgonjwa anavuta kwenye mdomo wa chupa taratibu. Dawa inafika kwenye mapafu badala ya kubaki ulimini. Miaka yote mzee alikuwa anaipuliza shavuni.

Asubuhi yake, pumzi imerudi nusu, ndipo akanipa lile somo. "Kijana," akasema, "mwaka 1871 Stanley alipita hapa anamtafuta Livingstone. Alimwacha Mpwapwa mzungu mwenzake mgonjwa, Farquhar. Akafia hapa hapa. Wewe ulitaka nikamsalimie?" Nikainamisha kichwa. Akaendelea: hiyo Kiboriani yenu ya kuponya, vita ya kwanza ilipoanza Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza huko huko juu, kisha wakawahamishia Tabora, wakaja kufunguliwa mwaka 1916 Wabelgiji walipoiteka Tabora. Nyumba ya kupumzikia ikageuka mahabusu. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akanifukuza.

Mashemeji walifika mchana. Yaliyosemwa kwenye kikao cha ukoo sitayaweka hapa, kuna watoto wanasoma. Hela ya gari, hela ya wodi, mbuzi. Kwenye grupu lao mpaka leo naitwa Mpandisha Wazee. Na yule mtaalamu wa tiba za asili? Alituma alama ya mikono iliyokunjwa ya pole, kesho yake akaendelea na ujumbe mwingine kuhusu majani ya mpera. Sasa hivi nasikia anauza safari za "tiba ya mlima". Hajawahi kufika Kiboriani. Nilimuuliza mbele ya watu, akasema yeye anaifahamu kiroho.

Kwa hiyo sheria ni moja tu: pale gari linapoishia, ndipo safari ya mgonjwa inapoishia. Hakuna "tembeeni kidogo". Hakuna "hapo kwenye kona". Gari likisimama, mama anabaki kwenye gari au anarudi mjini, na wewe mwenye mapafu mazuri ndiye unayekwenda kupiga picha umletee. Na inhela isikae kwenye koti, wala kwenye mkoba, wala kwenye gari. Ining'inie shingoni kwa kamba hata akionekana refa.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema bibi yake alikuwa anapanda ule mlima akiwa na miaka sabini na kitu, kwa hiyo tusitishane. Mkuu, bibi yako alizaliwa huko, alianza kuupanda akiwa mgongoni mwa mama yake. Mama wa mleta mada anatoka Dodoma mjini na amekaa kwenye Noah tangu alfajiri. Usichanganye. Na yule aliyesema twende na mafuta ya mkaratusi ya kujipaka kifuani, sina la kukujibu, kapake.

Kama mama anataka tu kubadili hewa, mji wenyewe wa Mpwapwa uko juu kiasi, kama mita 1,000, una miti, na milima unaiona umekaa kwenye kiti. Gesti zipo za kila mfuko. Agiza ugali wa uwele na mlenda, mama atafurahi kuliko kwenye makorongo. Lakini kabla ya hapo apitie kwa daktari wake, mumuulize hasa kuhusu baridi ya mwezi wa nane. Nyie vijana mkitaka kupanda, anzeni ofisi ya kijiji, si stendi. Sehemu ya milima ile ni hifadhi ya msitu, kwa hiyo mnaulizia ruhusa hapo hapo, na mnapewa mwenyeji anayetembea na nyie badala ya anayewaelekeza kwa kidole. Msipande wakati wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Mpande na bodaboda.

Majengo ya zamani na sehemu za picha waulize waliofika. Mimi niliishia kwenye jiwe.