Kurudisha maji ya mchujo wa kupaushia: ushauri kwa wanaotaka kupunguza rangi ya majitaka ya kiwanda cha karatasi

Kwa miaka 11 nilikuwa mhandisi wa sehemu ya kupaushia katika kiwanda kimoja cha karatasi kusini mwa Marekani, kiwanda kilichopika vipande vya misonobari usiku na mchana na kumwaga majitaka yake katika mto usio mkubwa. Wiki yangu ya kwanza kazini, msimamizi alinikabidhi kreti ya chupa za kioo akaniagiza nizunguke kiwanda kizima, nichote sampuli kwenye kila mfereji, kisha nizipange kwenye kizingiti cha dirisha la maabara kwa kufuata mkondo wa maji. Chupa zilitimia 17. Nyingi zilikuwa na maji meupe kama yaliyooshewa mchele, au ya manjano hafifu, lakini moja ilikuwa nyeusi yenye wekundu, mithili ya kahawa chungu iliyokaa jikoni asubuhi nzima. Chupa hiyo ilitoka kwenye ngoma ya kuoshea inayofuata hatua ya kwanza ya kostiki, yaani alkali kali. Msimamizi hakunieleza neno, aliniacha niitazame.

Naandika kwa ajili ya wahandisi vijana na wasimamizi wa zamu ambao wameambiwa wapunguze rangi ya majitaka, na ambao wamesikia kwamba dawa ni kuyarudisha maji ya mchujo, yaani maji yanayochujika kutoka kwenye rojo ya nyuzi za mti inapooshwa, ndani ya kiwanda badala ya kuyatupa. Waliyoyasikia ni kweli, ila ukweli huo umefupishwa mno, na mimi mwenyewe niliupokea ukiwa umefupishwa hivyohivyo.

Rangi yenyewe ni lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Mbao zinapopikwa kwa njia ya krafti, yaani kwa kemikali za alkali zenye salfaidi, sehemu kubwa ya lignini huyeyuka na kuondoka pamoja na maji meusi, yaani maji ya kupikia yaliyokwisha kutumika, ambayo huvukizwa na kuchomwa kwenye boila ya urejeshaji, inayozalisha mvuke na kurudisha kemikali za kupikia. Kidogo kinachobaki ndani ya rojo huvunjwavunjwa kwa klorini dioksaidi katika hali ya asidi, kisha huyeyushwa kwa kostiki katika hali ya alkali, na hapo ndipo inapozaliwa ile chupa nyeusi. Mabwawa ya kusafishia majitaka hayawezi kukuokoa, kwa kuwa bakteria hula sukari na asidi ndogondogo kwa hamu kubwa, lakini vipande vya lignini ni vikubwa na vigumu kwao, hivyo majitaka yanaweza kupoteza zaidi ya asilimia 90 ya uchafu unaonyang'anya mto oksijeni yake na bado yakatoka na rangi karibu ileile yaliyoingia nayo. Nimewahi kuona hata rangi ikiongezeka kidogo ndani ya bwawa, jambo lililomshangaza sana mgeni wetu mmoja aliyedhani tunamfanyia mzaha.

Kabla hujagusa bomba lolote, hakikisha vipimo vyako vinalingana. Rangi ya lignini hubadilika kwa kufuata pH. Sampuli ileile huonekana nyeusi zaidi ikiwa ya alkali na nyepesi ikiwa ya asidi, kwa hiyo zamu mbili zisiporekebisha pH kwa namna moja zitabishana mwaka mzima bila sababu. Utaratibu unaotumika sana katika viwanda vya Marekani ni kuirekebisha sampuli hadi pH 7.6, kuichuja kwa chujio la mikroni 0.8, kisha kupima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 465 na kulinganisha na vipimo vya platini na kobalti, yaani vimiminika ambavyo rangi yake inajulikana. Usiishie kwenye ukolezi peke yake. Zidisha kwa kiasi cha maji yanayopita ili upate kilo za rangi kwa siku, kwa sababu mfereji wenye rangi kali na maji kidogo unaweza kuwa na madhara madogo kuliko mkubwa uliopauka.

Tulipofanya hesabu hiyo niligundua kwamba sehemu nzuri ya rangi yetu haikutoka kwenye upaushaji hata kidogo, bali ilitokana na maji meusi yaliyomwagika: pampu iliyovuja, tangi lililofurika wakati wa kuwasha mitambo, bomba lililofunguliwa na fundi bila kulikausha kwanza. Lita chache za maji meusi huchafua maji mengi ajabu. Kwa kuwa maji meusi hupitisha umeme vizuri, tuliweka vipima upitishaji umeme katika mashimo ya mifereji, na kila kipimo kilipopanda, vali iligeuza mkondo kwenda kwenye tangi la akiba badala ya mferejini. Kanuni za mazingira zilizotolewa na Marekani mwaka 1998 kwa viwanda vya rojo na karatasi zilidai viwanda viwe na mpango wa kudhibiti umwagikaji wa aina hii, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipengele chake kilicholeta faida ya haraka kwa gharama ndogo. Vilevile tulikagua uoshaji wa rojo ya kahawia kabla haijaingia kwenye upaushaji, maana rojo isiyooshwa vizuri huingia na mabaki ya maji meusi, ikanywa klorini dioksaidi bure, kisha ikakuongezea rangi mwishoni. Anayerudisha maji ya mchujo huku ngoma zake za kuoshea zina vyandarua vilivyotoboka anajitafutia taabu mbili kwa wakati mmoja.

Mfano ambao kila mtu wa fani hii huutaja ni kiwanda cha Canton, North Carolina, kilichoanza kazi mwaka 1908 kando ya mto Pigeon. Mto huo hutelemka milimani na kuvuka mpaka kuingia Tennessee, na wakazi wa huko walilalamika kwa miongo mingi kwamba maji yaliwafikia yakiwa ya kahawia na yenye povu. Mwaka 1985 serikali kuu ya Marekani iliichukua kutoka jimboni kazi ya kutoa kibali cha majitaka cha kiwanda hicho. Wamiliki wa wakati huo, kampuni ya Champion, walikijenga upya kwa mamia ya mamilioni ya dola mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaongeza kabla ya upaushaji hatua ya oksijeni, inayotoa lignini kwa oksijeni na alkali, na kuacha klorini tupu, kisha wakaanza kurudisha maji ya mchujo katika mstari wa misonobari. Niliwahi kusimama juu ya daraja mjini hapo nikiwa safarini, nikaona mawe ya chini ya mto, nikakumbuka wazee wa kiwanda chetu waliosema kwamba zamani usingeona hata kidole chako ukikitumbukiza mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2023, lakini mbinu zilizojaribiwa pale bado ni darasa.

Kwa maneno rahisi, mbinu yenyewe ni hii: maji ya mchujo kutoka hatua ya kostiki hutumika mahali pa maji safi ya moto kuoshea rojo inayotoka kwenye hatua ya oksijeni, kutoka hapo husafiri kinyume cha rojo, ngoma baada ya ngoma, hadi yaungane na maji meusi, yavukizwe na kuchomwa. Lignini iliyokuwa iende mtoni inageuka kuwa moto wa kuzalisha mvuke. Zingatia neno «mahali pa». Ukiyaongeza juu ya maji safi uliyokuwa ukitumia tayari, mitambo ya kuvukiza italemewa na mtu wa mvuke atakutafuta kabla ya chakula cha mchana.

Anza na maji ya alkali, na uyaache maji ya asidi mpaka uwe na mtambo wa kuyatayarisha. Narudia jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa ni la uhai. Maji ya mchujo wa klorini dioksaidi yana pH ya 2 au 3, na maji meusi yana salfaidi. Yakikutana, iwe ndani ya tangi au kwenye mfereji uliofunikwa, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo kwa kiwango kikubwa humwangusha mtu kabla hajatambua kwamba ameacha kuisikia harufu. Chora ramani ya mifereji yako yote, ile ya zamani iliyosahauliwa ikiwemo, na ujiridhishe kwa macho kwamba ya asidi na ya alkali hayana mahali pa kukutana.

Sasa nieleze kosa letu. Kwa wiki tatu za mwanzo kila kitu kilikwenda kama tulivyotaka. Rangi ilishuka, nami nikaanza kuandika taarifa ya ushindi. Wiki ya nne, mrashi wa ngoma ya mwisho ya rojo ya kahawia ukaanza kuosha upande mmoja tu. Fundi alifungua pua za mrashi akaniletea moja mkononi. Ndani kulikuwa na ukoko wa kijivu, mgumu kama ule wa birika linalochemshia maji ya kisima, na tundu lililobaki halikuzidi upana wa kijiti cha kiberiti. Chanzo kilikuwa uamuzi tulioufanya miaka miwili kabla, wa kutumia maji ya mchujo wa klorini dioksaidi ya hatua ya baadaye kuoshea rojo kwenye ngoma ya kostiki, ili kubana matumizi ya maji. Asidi huyeyusha kalsiamu iliyomo ndani ya mti na kuibeba bila kuonekana; inapokutana na alkali, kalsiamu hiyo huganda ikiwa kaboneti au oksaleti, na huganda hasa pale penye joto na matundu madogo. Ilipokuwa ikienda mtoni hatukuiona. Tulipoirudisha ndani ilitafuta pa kukaa. Canton walilikabili tatizo hili kwa kuyachuja maji ya asidi ili kuondoa nyuzi, kisha kuyapitisha kwenye vitanda vya resini vinavyonasa kalsiamu na magnesiamu na kuacha sodiamu mahali pake. Sisi hatukuwa na fedha hizo, kwa hiyo tulitenganisha tena: asidi ikaosha asidi, alkali ikaosha alkali, tukakubali kutumia maji mengi kidogo kuliko tulivyopanga.

La pili lilichelewa kujitokeza, na ndilo linaloumiza zaidi. Klorini dioksaidi ikimaliza kazi yake huacha kloraidi, na maji ya kostiki hubeba sehemu yake. Ikifika kwenye boila ya urejeshaji, kloraidi pamoja na potasiamu itokayo kwenye mti hujikusanya katika vumbi la moshi na kushusha joto ambalo majivu huanza kuyeyuka. Majivu makavu huteleza, na yaliyoyeyuka kabisa hutiririka. Yaliyo katikati, yenye majimaji ya asilimia 15 hadi 70 hivi, hunata kwenye mabomba na kuziba njia ya moshi. Mwendesha boila mmoja wa makamo, mtu asiyependa mikutano, alikuja ofisini kwangu na pande la majivu la rangi ya waridi ndani ya kopo la rangi, akaliweka juu ya karatasi zangu, akaniuliza nimekuwa nikimlisha nini. Tulilazimika kusimamisha boila na kuiosha wiki kadhaa kabla ya ratiba, na gharama ya siku zile ilimeza akiba yote ya maji tuliyojivunia.

Kwa hiyo pima kloraidi na potasiamu katika vumbi la boila kabla ya kuanza, kila wiki, na uendelee kupima miezi kadhaa baada ya mabadiliko, kwa kuwa mzunguko wa kemikali ni mkubwa na chumvi hujilimbikiza polepole. Kisha amua chumvi itatokea wapi. Kuna wanaotupa sehemu ya vumbi hilo na kununua sodiamu na salfa ya kufidia. Canton waliliyeyusha vumbi, wakavukiza maji hadi salfeti ya sodiamu ikaganda na kurudishwa kwenye maji meusi, huku kloraidi na potasiamu zikitolewa pamoja na maji machache yaliyosalia. Kabla yao, mwaka 1977, kiwanda kimoja cha Thunder Bay, Kanada, kilijaribu kufunga mzunguko mzima kwa kuitenga chumvi kutoka kwenye maji meupe, yaani maji ya kupikia ya alkali ambayo hayajatumika, na kutu iliyokula vyuma vyake ndiyo iliyowafundisha wengi kwamba kloraidi inafaa kuzuiwa mapema, ikiwa bado kidogo.

Sodiamu nayo ina hesabu yake. Kostiki mpya inayonunuliwa kwa ajili ya upaushaji itaishia kwenye mzunguko wa kupikia, na baada ya muda utakuwa na sodiamu usiyoihitaji. Tulipunguza kwanza chumvi ya sodiamu tuliyokuwa tukinunua kufidia inayopotea. Haikutosha, ndipo tukaanza kutumia maji meupe yetu wenyewe yaliyooksidishwa katika hatua ya oksijeni badala ya kostiki ya dukani. Povu pia litaongezeka, lakini dawa ya kuua povu inajulikana na kila mwendesha ngoma ana maoni yake kuihusu, kwa hiyo sitaingia huko.

Tulipoanza upya, tulirudisha robo tu ya maji ya kostiki, tukakaa miezi miwili tukisoma vumbi la boila na kufungua pua za mrashi kila Jumatatu, ndipo tukapanda hadi nusu. Hatukupita hapo mpaka nilipoondoka. Ongezeko lolote tulilifanya mwanzoni mwa wiki, asubuhi, watu wa matengenezo wakiwepo, na kamwe si katika miezi ya kiangazi mto ulipokuwa umepungua, kwa sababu hapo kosa la saa mbili lingeonekana hadi kijiji cha pili. Ile pua iliyoziba niliihifadhi kwenye kizingiti cha dirisha la maabara, kando ya ile chupa nyeusi, na aliyerithi kiti changu aliniandikia kwamba bado zipo pale.