Shoo ya Mkomani: Anza na Daftari, Manila Baadaye

Ikifika Julai simu yangu haipoi. Walezi wenzangu wa klabu za 4-K, zile za kilimo shuleni, na wengine wa vikundi vya vijana vya mtaani, huniuliza swali moja: "Mwalimu, mwaka huu tupeleke nini shoo?" Jibu langu huwaudhi baadhi yao. Pelekeni kile ambacho watoto wamekuwa wakikifanya tangu mwanzo wa mwaka. Kama hakuna walichokifanya, wapelekeni wakatazame, wale mabuyu, warudi nyumbani, halafu muanze vuli ikinyesha.

Nayasema haya kwa sababu nimekaa pande zote mbili za meza. Nimelea klabu ya shule huku Likoni, na kule Mkomani, kwenye maonyesho ya kilimo ya ASK ya Mombasa, nimewahi kuwa karani wa majaji, yule anayetembea nyuma yao na faili akiandika alama. Ukiwa hapo nyuma unasikia wanayonong'onezana. Mapambo ya meza huyatupia jicho mara moja tu. Baadaye humgeukia mtoto, na hapo ndipo hukaa. Wanataka kujua kama kazi waliyoletewa ni ya mtoto huyu au ya mtu mzima aliyejificha nyuma ya pazia.

Kwa hivyo hesabu ya tarehe ifanywe kwa kurudi nyuma. Shoo yetu kwa kawaida huangukia mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Muhogo unataka miezi 8 hadi 12, kwa hivyo vipando viwe ardhini tangu mvua za vuli, Oktoba au Novemba ya mwaka uliotangulia. Kuku wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi mitano au sita hivi, basi mtoto anayetaka kushindana kwa mayai awe na vifaranga kufikia Februari. Mchicha hauna makuu. Wiki tatu au nne unatosha kung'olewa, na ndiyo maana klabu zilizochelewa zote hukimbilia mchicha, na jaji akifika anakuta meza nzima ya kijani kitupu.

Kuna mtego mmoja wa pwani na wa bara vilevile: likizo ya Agosti. Shule zinafungwa wakati bustani inahitaji maji kuliko siku zote, maana mvua za masika zimeshakwisha na upepo wa kusi unakausha mchanga wetu kwa siku moja. Panga zamu za kumwagilia kabla shule hazijafungwa, na uzipange kwa mtaa, watoto wanaokaa karibu na shule wawe wa kwanza. Zungumza na bawabu. Zungumza na wazazi pia, kwa sababu mtoto wa darasa la sita hawezi kuamua peke yake kama atakwenda kwa nyanya yake Kwale wiki hiyo au la. Na uangalie maji yenyewe. Visima vingi vya huku vina chumvichumvi, na sukuma wiki ikimwagiliwa maji hayo kila siku majani huungua pembeni. Mkikinga maji ya mvua ya masika kwenye matangi, yawekeni kwa ajili ya mboga za mashindano.

Sasa kitabu cha mashindano. Kila anayeshindana hupewa orodha ya vipengele na masharti yake, na hakuna kitu kinachowaangusha watoto kama mlezi asiyekisoma. Kikisema mayai sita, jaji hataki saba. Kikisema vitunguu vya rangi moja, hiyo rangi moja si ushauri. Nimeona sahani nzuri ajabu ikiwekwa kando bila kuguswa kwa sababu ya tunda moja la ziada, na mtoto amesimama pale haelewi kilichotokea. Msome kitabu hicho pamoja, sentensi kwa sentensi, na kila mtoto anakili kwa mkono wake masharti ya kipengele chake.

Mayai nitayakalia kidogo kwa sababu ndiyo watu huyadharau. Wengi hudhani yai kubwa ndilo linaloshinda. Jaji anatafuta mayai yanayofanana: ukubwa mmoja, umbo moja, rangi moja, ganda lisilo na mikunjo wala vidoa. Mayai mawili makubwa kati ya madogo manne yataipunguzia sahani nzima alama. Mwambie mtoto akusanye mayai kwa siku chache, ayapime kwenye mizani ndogo ya jikoni, ayapange mezani kwa safu, kisha aondoe moja moja lile linalojitokeza, mpaka macho yake yakose la kuondoa. Kazi hiyo inachosha, na iache imchoshe yeye. Usafi nao una namna yake. Usiyaoshe kwa maji. Ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu kuingia, na ukiosha unauondoa. Isitoshe, yai lililooshwa hupoteza ule ukavu wake wa asili na jaji mzoefu hulijua kwa kulishika tu. Futa kwa kitambaa kikavu, na palipo na kinyesi kidogo pitisha msasa laini. Dawa hasa ya uchafu ni kubadilisha nyasi za kiota kila mara.

Kisha mulika. Zima taa, weka tochi ya simu kwenye upande butu wa yai, utaona nafasi ya hewa. Yai la leo nafasi hiyo ni ndogo, na kadiri linavyokaa ndivyo inavyopanuka. Majaji huweza kuvunja moja sahanini. Kiini kinatakiwa kisimame kimeumuka na ute mzito ukikizunguka. Yai lililolala siku kadhaa kwenye joto la Mombasa ute wake huwa majimaji na kutapakaa. Ndiyo maana mayai ya shoo hayakai juu ya kabati. Yawekeni ndani ya chungu kilichofukiwa nusu kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, ncha iliyochongoka ikiangalia chini.

Muhogo nao huharibika upesi kuliko unavyodhaniwa. Siku mbili tatu baada ya kuchimbwa, ndani huanza kutokea michirizi ya buluu au nyeusi, na jaji hukata. Chimbeni jioni ya kuamkia siku ya kupeleka, msiukwangue ngozi, acheni kipande kifupi cha shina. Watoto wetu wengi hulima muhogo wa aina ya kibandameno kwa sababu ni mtamu na kila jirani anao, lakini hushikwa sana na ugonjwa wa batobato. Mtoto ajue hivyo, na ajue kuna mbegu nyingine zinazostahimili zaidi. Kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo cha KALRO kiko hapo Mtwapa, si mbali. Mboga za majani zikatwe alfajiri, zisimamishwe kwenye maji kivulini, zisafiri ndani ya pakacha lililofunikwa gunia bichi. Basi.

Upande wa kazi za mikono, geuza. Hilo tu. Jaji akipewa mkeka haangalii uso wake, anaupindua aone ukili, ule utepe uliosukwa, ulivyoshonwa, kama upana wake ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na maungio yamefichwa wapi. Kofia ya mkono hupinduliwa vilevile kutazamwa nyuzi za ndani. Mtoto aliyefundishwa na bibi yake kumaliza upande wa ndani kwa uangalifu ule ule wa upande wa nje ameshampita yule mwenye nakshi za rangi saba.

Tuje kwenye daftari. Tangu klabu za 4-K zifufuliwe 2021 shule nyingi zina bustani na mabanda, lakini daftari ndilo linalokosekana, au lipo na ni la uongo. Majaji wanalijua daftari lililoandikwa usiku mmoja: wino ni ule ule kutoka Februari hadi Agosti, mwandiko hauchoki, kurasa hazina alama ya kidole. Na hakuna kifaranga kilichokufa. Mtu gani hapa Mombasa alifuga vifaranga asipoteze hata kimoja kwa mwewe, kwa paka au kwa kideri, ule ugonjwa wa kuku? Daftari la kweli lina doa la maji, lina siku tatu zilizorukwa na maelezo ya kwa nini, lina mstari unaosema "leo wamekufa wawili, sijui sababu", na wiki moja baadaye mstari mwingine unaosema "tumeinua banda kutoka sakafuni." Mstari huo wa pili una thamani kuliko kuku mwenyewe, maana unaonyesha mtoto aliona, akafikiri, akabadilisha kitu.

Mambo ya kuandika si mengi: tarehe, kilichofanyika, kilichonunuliwa na bei yake, kilichouzwa na kwa nani, kilichoharibika. Pesa ziandikwe hata zikionyesha hasara. Mradi uliopata hasara ukaeleweka kwa nini huheshimiwa mbele ya meza ile.

Kuzungumza hufunzwa, ila si kwa kukaririshwa. Mtoto aliyekariri hotuba hukwama jaji akimkatiza katikati, na jaji hukatiza makusudi. Mimi huwapeleka watoto kwa watu wasiojua lolote kuhusu mradi: mama wa mahamri, dereva wa tuktuk, shekhe aliyestaafu anayekaa barazani. Wakaeleze, waulizwe maswali ya ajabu. Yatakayoulizwa Mkomani hayatofautiani sana: kwa nini ulichagua huyu na si yule, ulipata hasara wapi, ukianza upya utabadilisha nini, nani alikusaidia. Hilo la mwisho huwababaisha wengi kwa sababu wameambiwa nyumbani waseme hawakusaidiwa. Mwache aseme, "Baba alinipigilia misumari ya banda, mengine nimefanya mwenyewe." Hakuna jaji atakayemkata alama kwa hilo. Atamkata akisema alijenga peke yake na mkono hauwezi hata kushika nyundo.

Na wazazi, kwa heshima zote: siku ya majaji kaeni mbali na meza. Mama akimjibia mtoto, jaji hutabasamu, husema "ahsante mama", na huandika kitu.

Karatasi za manila za kubandika mezani ziwe chache. Kichwa cha habari kinachosomeka mtu akiwa amesimama hatua kadhaa, picha mbili tatu za mradi tangu ulipoanza, hesabu ya mapato na matumizi. Pambo la kumetameta libaki dukani.

Kuhusu safari, sisi wa Likoni tuna feri na kisha mjini na kisha daraja la Nyali, na yote hayo asubuhi wakati kila mtu anakwenda kazini. Kuku wakiwa kwenye tenga wavuke alfajiri kabla jua halijapanda, tenga liwekwe upande wa upepo na lisijazwe. Wanyweshwe kabla ya kutoka na mara tu wafikapo. Sungura ndio hatari zaidi, joto huwaua kimyakimya. Kama hamna njia ya kuwafikisha mapema, waacheni nyumbani mpeleke picha na daftari, kitabu kikiruhusu.

Matokeo yakishatoka, tafuteni maoni ya jaji kabla ya kutafuta gari la kurudi. Wengi wao, ukiwaendea kwa adabu kazi ikiisha, hueleza kwa undani kwa nini sahani hii ilipita ile. Mtoto aende na daftari lake aandike mwenyewe.

Kuku waliokwenda shoo wasirudishwe bandani siku hiyo. Wamekaa jirani na kuku wa kila upande, na huwezi kujua wamebeba nini. Chanjo ya kideri wawe wameipata si chini ya wiki mbili kabla ya safari, na wakirudi wakae peke yao wiki mbili nyingine, na vyombo vyao wenyewe vya maji na chakula. Mtoto anayewahudumia aanze na wale waliobaki nyumbani, ndipo aende kwa wasafiri, kisha anawe mikono na aoshe viatu.