Maswali Yenu: Gari Zito Ukikanyaga Mafuta

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Gari langu ni la petroli, lita 1.8, otomatiki, na throto yake (kilango cha kuingizia hewa kwenye injini) ni ya umeme, haina kebo. Nikikanyaga mafuta, kwa kama sekunde moja hakuna kinachotokea, ndipo livute. Taa ya injini haiwaki. Fundi ameosha throto na kubadilisha plagi zote nne, bado zito vilevile. Sasa anasema ninunue throto mpya. Ninunue?

JIBU: Usinunue bado. Kwenye gari lisilo na kebo, mguu wako haufungui throto. Pedali ina sensa mbili zinazoiarifu kompyuta umekanyaga kiasi gani, na kompyuta ndiyo inayoamua throto ifunguke lini na kwa upana gani. Muda wote inalinganisha ilichoagiza na kilichofanyika. Throto ikikaidi, taa ya injini huwaka, msimbo wa hitilafu kama P2101 huandikwa kwenye kompyuta, na mara nyingi gari hubanwa nguvu. Throto iliyokwisha kuoshwa, na taa haiwaki, ni mshukiwa dhaifu.

Anza na gia, maana kipimo chake ni bure. Kama gari lina nafasi ya kuchagua gia kwa mkono, lishikilie gia ya 3 injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, kisha kanyaga ghafla hadi nusu ya pedali. Likiitikia papo hapo, aliyekuwa anakuchelewesha ni gia boksi ikitafuta gia ya kushukia. Kagua kiwango na hali ya oili yake. Usipime gari likiwa limesimama kwenye P. Magari mengi hubana mizunguko hapo, utadanganyika.

Likiendelea kuwa zito hata katika gia moja, tafuta skana inayoonyesha vipimo papo kwa papo, na mtu wa kuisoma huku wewe ukiendesha. Fungua vipimo vitatu tu: pedali, throto, na hewa inayoingia kwa gramu kwa sekunde.

Pedali ipimwe swichi ikiwa imewashwa lakini injini imezimwa. Ikanyage polepole hadi sakafuni. Namba zipande bila kuruka wala kukwama. Usishtuke ukiona asilimia 15 pedali ikiwa haijaguswa na 80 ikiwa chini kabisa. Skana nyingi huonyesha volti ya sensa kama sehemu ya volti 5. Kama haifiki mwisho, inua kapeti kwanza. Ndiyo, kapeti: likijikunja chini ya pedali hula theluthi ya mwendo wake, na watu wameshabadilisha sensa kwa sababu hiyo.

Sasa barabarani. Pedali ikiruka na throto ikaifuata mara moja, lakini hewa ikapanda kwa uvivu, umefika penye ugonjwa. Sensa ya hewa, ile iliyo baada ya ea klina, ikishika vumbi husoma pungufu. Kompyuta nayo inamwaga petroli pungufu, na injini inasitasita. Kipimo cha haraka: injini ikiwa moto na haijakanyagwa, tegemea karibu gramu 1 kwa sekunde kwa kila lita ya injini, yaani kama 2 kwenye gari lako. Kisha soma marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakiwa juu ya asilimia +10 na yanazidi kupanda injini inapobeba mzigo, shuku sensa hiyo au presha ndogo ya petroli. Yakiwa juu bila kukanyaga na kushuka ukifika mizunguko 2,500, kuna hewa ya wizi baada ya sensa: hosi iliyopasuka au gasketi ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa).

Sensa ya hewa huoshwa kwa dawa yake maalumu tu. Dawa ya kabureta au ya throto huacha utando juu ya kiwaya chake. Pulizia, usiguse kiwaya kwa kitambaa wala kidole, acha ikauke kabisa ndipo uirudishe.

Vyote hivyo vikiwa sawa, geukia ekzosi. Fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi), funga geji ya presha mahali pake. Kwenye mizunguko 2,500, presha ikipita kilopaskali 20, masega yameziba na injini inakosa pa kutolea pumzi.

SWALI: Kuna kifaa cha kuchomeka kwenye waya za pedali, wanasema kinaongeza nguvu. Ni kweli?

JIBU: Nguvu, hapana. Kinaikuza ishara ya pedali: wewe umekanyaga 30, kompyuta inaambiwa 50. Ukifika sakafuni, gari ni lilelile. Kwa gari lisilo na ugonjwa ambalo kiwanda kimelipanga liwe pole, utaona tofauti, ingawa kuegesha kutakuwa kwa kurukaruka. Kwa gari gonjwa hakitibu kitu. Kama lako lina kitufe cha Sport, bonyeza hicho kwanza. Mara nyingi hufanya kazi ileile.

SWALI: Dizeli yangu ya turbo haina nguvu chini ya mizunguko 2,000, inatoa moshi mweusi, na skana inasoma P0299. Nimeambiwa turbo imekufa.

JIBU: Msimbo huo unasema upepo wa turbo ni mdogo kuliko ulioagizwa. Hausemi turbo imekufa. Moshi mweusi maana yake dizeli ipo, hewa haitoshi. Kagua hosi zote kati ya turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo) na manifoldi. Utando mwembamba wa oili kwa ndani si ajabu, lakini oili iliyotapakaa nje karibu na klempu inaonyesha upepo unapotokea. Zikunje na kuzikamua kwa mkono, kwa sababu mpasuko mwingine hufunguka chini ya presha tu na hauonekani injini ikiwa imetulia.

Kisha fuata vibomba vyembamba vya vakyumu (nguvu ya kufyonza) vinavyokwenda kwenye kiendeshi cha turbo, kile chenye fimbo ya kurekebisha upepo wake. Kivute kwa pampu ya mkono: fimbo itembee bila kukwama na ibaki pale ilipofika. Ikirudi yenyewe, kiwambo ndani ya kiendeshi kimetoboka. Ikikwama, masizi yameshika mabapa ndani ya turbo, na mara nyingi husafishika. Angalia pia vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Ikikwama wazi, injini inapewa moshi wake yenyewe mahali pa hewa safi.