Mwalimu Mhaiti Aliyeandika Barua Bila Jina

SWALI

Ndugu Mhariri,

Marehemu mama yangu alikulia Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka hapa kwetu Ujiji. Mwaka 1964, vita vilipoingia mjini humo, wazazi wake walimvusha kwa boti hadi Kigoma, akaolewa huku na akazikwa huku. Maisha yake yote hakuacha kumtaja mwalimu wake wa hesabu, mtu mweusi kama yeye aliyetoka nchi iitwayo Haiti, ambaye kila jioni aliwaketisha watoto wake wanne barazani akawafundisha lugha ya kwao, wala hakuruhusu mmoja wao alale kabla ya kumkagulia daftari. Kila mwaka mpya nyumba hiyo ilipika supu ya boga na kuwagawia watoto wa majirani. Binti wa mwalimu huyo, aliyekuwa shoga wa mama, alimfichulia jambo moja: baba yake aliwaandikia wazazi wake barua zisizo na jina lake, tena alizipitishia kwa rafiki aliyekuwa Ufaransa. Mama alifariki akiamini kwamba mwalimu aliwaonea haya wazazi wake. Naomba kujua mtu huyo alifikaje Kongo, na kama mama alimhukumu kwa haki.

Binti wa Ujiji, Kigoma

JIBU

Dada yetu wa Ujiji, Mungu amrehemu mama yako. Tutaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo zito. Mama yako aliona sawasawa kwamba barua zile zilikuwa na jambo, ila jambo lenyewe halikuwa haya. Kwa Mhaiti aliyeikimbia nchi yake miaka ile, kutia jina kwenye barua kungeweza kuwaponza wazazi wake.

François Duvalier, aliyekuwa daktari, alichaguliwa kuwa rais wa Haiti mwaka 1957, na mwaka 1964 akajitangaza rais wa maisha. Alijiundia kikosi cha watu wenye silaha ambacho wananchi walikiita Tonton Makut, jina la mjomba wa kutisha katika hadithi za watoto wa Haiti, ambaye huwatia watoto watukutu ndani ya mfuko wake na kutokomea nao. Adhabu za utawala huo hazikuishia kwa aliyeshukiwa. Agosti 1964 vijana 13 waliokuwa uhamishoni walitua kusini mwa nchi ili wapigane na Duvalier, na kabla ya mwaka kwisha familia za baadhi yao katika mji wa Jérémie zilikuwa zimeuawa, wazee pamoja na watoto wadogo. Fikiria sasa baba aliye Kongo, mwenye mama mzee kule, anayetaka tu kumwarifu kwamba wajukuu wanaendelea vizuri. Kuzungusha barua kupitia nchi ya tatu, bila jina, kulikuwa ndiyo njia ya kumtunza mama huyo kutoka mbali, na hatuoni haya yoyote ndani yake.

Kuhusu kufika kwake, Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na katika miezi michache Wabelgiji wengi waliondoka, ilhali Wakongo waliokuwa wameruhusiwa kufika chuo kikuu walikuwa wachache mno. Walihitajika walimu, madaktari na mabwana shamba wanaojua Kifaransa. Haiti ilikuwa nao, na wengi wao walikuwa wanatafuta pa kukimbilia, kwa hiyo wakaajiriwa na serikali ya Kongo na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Mwongozaji filamu Raoul Peck, aliyezaliwa Port-au-Prince mwaka 1953, alikuwa na umri wa miaka minane hivi familia yake ilipomfuata baba, mtaalamu wa kilimo, aliyekuwa amekwisha kupata kazi Kongo. Njia hiyo ya baba kutangulia na mke na watoto kufuata ndiyo iliyozoeleka.

Hapa tunaomba umlinganishe mwalimu huyo na sisi wenyewe. Babu zetu wa Buha waliokwenda Tanga kukata mkonge kama manamba waliacha mke na watoto nyumbani, kwa sababu nyumbani palikuwapo na palikuwa pakiwangoja. Mhaiti yule hakuwa na pa kurudi. Ilimpasa aing'oe nyumba nzima na kuipanda tena kando ya ziwa asilolijua, na katika ile baraza ya jioni tunaona baba aliyeielewa kazi hiyo kuliko wengi. Katika shule za Haiti wakati huo watoto walifundishwa kwa Kifaransa, na Krioli, lugha ambayo kila Mhaiti anazaliwa nayo, haikutambuliwa kuwa lugha rasmi hadi katiba ya mwaka 1987. Mwalimu aliyewafundisha wanawe Krioli barazani Albertville aliwapa kitu ambacho shule za kwao zilikuwa bado zinawanyima watoto wa Haiti.

Wengi wa Wahaiti hao baadaye walihama tena, hasa kwenda Kanada, na Montreal hadi leo ina jamii kubwa yao. Tarehe 7 Februari 1986 Jean-Claude Duvalier, mwana aliyerithi kiti cha baba yake, alikimbilia Ufaransa, na tangu siku hiyo walio mbali wakaweza kuandika majina yao. Kwa wengi wao, wazazi waliongojea barua hizo walikuwa wamekwisha kufa.

Imebaki ile supu. Haiti ilitangaza uhuru wake tarehe 1 Januari 1804, baada ya watumwa kuwashinda mabwana zao Wafaransa, na Wahaiti husimulia kwamba supu ya boga ilikuwa chakula cha mabwana ambacho mtumwa aliyekipika hakuruhusiwa kukionja. Ndiyo maana kila mwaka siku hiyo huinywa na kuwapelekea majirani. Huchemshwa nyama ya ng'ombe hadi ilainike, boga likapondwa na kutiwa humo, kisha karoti, kabichi, viazi, tambi na pilipili nzima isiyopasuliwa. Boga la hapa Ujiji linafaa kabisa, nawe ukiipika Januari utakuwa umepika kile alichokunywa mama yako barazani kwa mwalimu wake.